Viazi vya Zambarau vya Mama Carine

Kanuni ya Domitille ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bic nyekundu nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, nayo ilining'inia ukutani juu ya jiko: "Udongo mmoja. Majivu konzi moja. Maji kikombe kimoja. Hakuna mpendwa." Kila aliyeingia jikoni mwake katika mtaa wa Kasha alisomeshwa kanuni hiyo kabla ya kupewa chai.

Aliitoa kazini. Kwa miaka ishirini na sita Domitille amekuwa karani katika chuo kimoja cha kilimo mjini Bukavu, akipiga chapa kazi za wanafunzi wanaomaliza masomo. Alijua kwamba anayelinganisha mbegu mpya huweka pembeni yake mbegu ya kawaida ya kuzipimia, na kwamba hiyo ya kawaida huitwa shahidi. Mwaka mmoja mwanafunzi alimwomba ageuze namba moja tu, tatu iwe nane. Domitille alimrudishia karatasi zote na kumwambia akatafute karani asiye na macho. Kisa hicho alikipenda, na wageni wake walikijua kwa moyo. Lakini katika miaka hiyo yote hakupiga chapa hata ukurasa mmoja wenye jina lake mwenyewe.

Basi mwezi wa tisa mdogo wake Lydie, ambaye hufundisha wakulima vijijini, alimletea mfuko wa viazi, vile vya mviringo ambavyo mjini watu huita pomme de terre. Vinne vilikuwa na ganda jeusi kama mkaa, vinne vilikuwa bluu.

"Yaya, kata kimoja-kimoja," Lydie alimwambia dada yake. "Bingine utapanda."

Domitille alishika kisu akakata cheusi. Ndani kilikuwa zambarau mpaka kwenye kiini, zambarau ya kanzu ya padri wakati wa Kwaresima, kikimetameta kwa maji.

"Yesu wangu! Papa Carine, kuya! Kuya uone!"

Chrispin, mumewe na baba wa binti yao Carine, mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi ya Bagira, alikuja na miwani kwenye paji la uso. "Hii iko kiazi ao iko wino?"

"Iko kiazi!"

"Basi wanafunzi wangu wataikula, halafu wataandikia ulimi."

Cha bluu kilipokatwa kilionyesha nyama nyeupe yenye pete ya bluu, nacho kilikuwa kizuri, ila Domitille hakuwa tena na macho ya kukitazama. Alichemsha kipande cha zambarau, maji yakawa kijani. Akakikamulia limau, kikageuka waridi. Hapo alipiga kelele, akachukua sahani, akakimbia na aproni yake mpaka kwa jirani.

Jirani huyo ni Nyota, wa familia ya wafanyabiashara waliotoka Uvira. Anauza vikwembe na vitambaa vingine mjini na kufuga sungura nyuma ya nyumba. Alikitazama kipande kile kwa jicho la biashara. "Mama Carine, kama hii ilikuwa kikwembe, ningekata pièce nzima na sipunguze ata franc moja."

Habari ilifika kwa Maman Rosalie, présidente wa kikundi cha wamama kumi na wanne wa mtaa wao, wanaolima pamoja shamba moja kwenye mteremko. Alikuja, akasoma kanuni ukutani mara mbili, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Hapa kuko kazi ya watu wenye kusoma," alisema. "Linganisha, Mama Carine. Mwezi wa kwanza tutapima, tutaonja, na chenye kitashinda tutakipanda mu mistari mbili ya juu. Na weye mwenyewe utatusomea rapport."

Rapport, ripoti yenye jina lake! Siku hiyohiyo Domitille alinunua daftari lenye jalada gumu, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: Utafiti wa Domitille M'Cirimwami. Chrispin alianza kumwita Docteur, hata wakati wa kuomba chumvi.

Alipanda uani katika magunia tisa: matatu ya zambarau, matatu ya bluu, na matatu ya shahidi, viazi vyeupe alivyonunua kwa mama mmoja aletaye bidhaa kutoka Minova. Kila gunia kiazi kimoja. Kila asubuhi, kabla ya kupanda taksi ya kazini, alipita na kikombe chake, akisalimia gunia moja baada ya lingine kama mkaguzi wa gwaride. Mwezi wa kumi kanuni ilishikwa kikamilifu. Majirani walizoea kusimama kwenye ua na kuuliza, "Docteur, wagonjwa wanaendelea?" naye hujibu, "Bote banakula vizuri!"

Mwezi wa kumi na moja shahidi alikuwa amenenepa, majani yake yakifika magotini. Bluu alikuwa wa wastani. Zambarau, kipenzi chake, alikuwa na vijiti vyembamba vya kusikitisha. Domitille alivitazama siku tatu mfululizo. Siku ya nne akaenda kwa Nyota na kopo tupu la maziwa ya unga.

"Unisaidie na samadi ya sungura, mama. Nimepanda lengalenga."

"Chukua, chukua! Inanijazia nyumba."

Hakuwa amepanda mchicha huo wa lengalenga. Jumamosi sita mfululizo alichota kopo moja na kuligawa kwenye magunia matatu ya zambarau, akiligeuzia dirisha la jikoni mgongo. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuwa mtu wa kusema hakujua. Alijua vizuri, na alikuwa akiimba. Vijiti vikawa mashina, mashina yakatoa maua ya rangi ya urujuani, na Domitille alicheza peke yake kati ya magunia mpaka Chrispin akauliza kama kuna harusi hajaambiwa.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa kwanza wamama wote kumi na wanne walijaa uani. Magunia yalimwagwa mbele yao. Zambarau viliporomoka, vikubwa, vingi, na vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Rosalie alipima kwa mizani aliyokuja nayo, akaandika mwenyewe katika daftari. Kisha vikachemshwa katika sufuria tatu.

Kuonja kulifanywa kwa kitambaa machoni, maana Domitille alisema rangi inahonga ulimi. Chrispin ndiye aliyelisha, kwa uma, kama ndege anayelisha makinda. Eh, kicheko cha siku hiyo! Mmoja aliuma uma. Mwingine alisema anasikia ladha ya samaki, na kumbe alikuwa amelamba kidole cha Chrispin aliyetoka kupanga dagaa wa sambaza kwenye sahani. Nyota, amefungwa skafu yake mwenyewe, alikitafuna cha bluu kwa muda mrefu na kutangaza, "Hii iko kama mashemeji: haiko mubaya, lakini itoshe."

Mwisho ilifika zamu ya Domitille. Alifungwa kitambaa. Akaonja cha kwanza, cha pili, cha tatu, akarudi kwa cha pili, akapiga paja. "Hii njo zambarau yangu! Tamu, laini, hakuna kingine! Andikeni!"

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Mtu alianguka kwenye mkeka. Chrispin aliushika ukuta.

"Docteur," alisema kwa shida, "umemuoa shahidi."

Alikuwa amechagua cheupe cha Minova. Domitille naye alicheka, bila kukifungua kitambaa, machozi yakimlowesha mashavu.

"Haina mambo," Rosalie alisema, akipangusa macho. "Ulimi ni wa kila mutu. Kilo njo zinasema. Shahidi: kilo tatu. Bluu: mbili na kidogo. Zambarau: kilo tano! Wamama, zambarau kimeshinda, mistari mbili ya juu ni yake!"

Wakapiga makofi, na wimbo ukaanza. Nyota aliinua sauti juu ya wimbo, kwa moyo mweupe kabisa.

"Na mujue, amefanya bila mbolea! Samadi ya sungura wangu yote alipelekea lengalenga. Kama aliweka na kwa biazi, si tungelia leo kwa wingi? Mama Carine, wapi ile lengalenga, tupike na hizi?"

Chrispin alitazama kulia, akatazama kushoto. Uani hapakuwa na jani la lengalenga. Domitille alikuwa bado na kitambaa machoni, mikono magotini, na kicheko kilikuwa hakijamtoka vizuri kooni.

"Lengalenga haiko," alisema.

"Imeisha?"

"Haikukuwako, Nyota. Nilikudanganya. Ile samadi yote nilipatia zambarau. Zambarau peke yake, Jumamosi sita."

Wimbo ulikatika. Ndipo mmoja akaguna, mwingine akaangua kicheko, na kabla ya dakika kupita walikuwa wanacheka wote upya, Nyota kuliko wengine.

"Sungura wangu banastahili mistari mbili!"

Rosalie alicheka nao mpaka mwisho. Kisha akafunga daftari, akasema taratibu, "Mama Carine, hatuwezi kupanda kitu chenye hatukijui."

"Najua," alisema Domitille, akafungua kitambaa. "Shahidi njo apandwe."

Wakampa shahidi mistari miwili ya juu. Vya zambarau walivila palepale, kwa chumvi na sambaza, wakikamua limau ili kuona waridi, wakipiga kelele kila kipande kilipogeuka, na Domitille akihudumia kila sahani. Vilibaki vitatu, idadi ileile aliyopanda.

Makopo sita ya samadi yalimgharimu Domitille msimu mzima wa mvua na rapport pekee ambayo ingekuwa na jina lake. Tena kama kiazi cha zambarau kinazaa kuliko kingine kikipewa sawa na wenzake, Kasha bado hakuna anayejua.