Pindo la Inchi Tatu

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimepiga magoti sebuleni kwangu Goba na chaki mkononi. Ukitaka kucheka, cheka. Mie nilishacheka zamani, kabla hodi ile haijapigwa mlangoni kwangu.

Kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana bila kuielewa hutaelewa kilichotokea. Mie si fundi wa kibandani. Nashona nyumbani, nguo zangu na za mwanangu, kwa cherehani ya miguu niliyoachiwa na marehemu mama. Pateni, yaani michoro ya kukatia nguo, nazinunua kwa simu kutoka kwa mwanamke mmoja anayezichora mwenyewe huko kwake. Anakutumia, unapeleka steshenari, wanakuchapia karatasi ndogo ndogo. Unakaa sakafuni na gundi, unaziunganisha moja baada ya nyingine, na ukimaliza unakuwa na umbo zima la gauni: kifua, mgongo, mkono, sketi. Wengi wanaogopa wakiona karatasi zile zimetapakaa. Usiogope. Kama shuleni uliweza kujalidi daftari kwa gazeti, hii nayo unaiweza.

Jambo moja tu huwashinda wanaoanza, nalo ni akiba. Ukishachora kipimo cha mwili, hukati juu ya mstari. Unatoka nje kidogo, nusu inchi, ili mshono upate pa kukaa. Kwa mtoto unaongeza zaidi, ubavuni na kwenye pindo, ili akirefuka unafumua na kuteremsha. Mama yangu aliita kumwachia. "Nguo ya mtoto iachie," alikuwa akisema. "Ukiikata sawasawa na mwili, umemwambia baki hapo hapo." Nilidhani ni maneno ya mafundi tu. Wewe usingedhani hivyo?

Mwaka ule mwanangu wa pekee, Editha, alikuwa na miaka minane na alikuwa anapokea komunyo ya kwanza. Satini nyeupe niliyonunua ilikuwa haba, lakini sisingizii kitambaa. Ilikuwa majivuno. Mwaka uliotangulia niliwaona watoto kanisani wamevaa magauni yanayoning'inia kama vyandarua, nikaapa wangu atavaa nguo inayomjua. Nikampima mara tatu. Nikakata juu ya mstari kabisa na mshono nikauiba kwa ndani, mwembamba kama uzi. Halafu, kwa kuwa nilijipenda kwa kazi ile, nikainakili pateni yake kwenye karatasi ngumu ya mfuko wa saruji ili niitunze. Nayo sikuiachia kitu. Ilikuwa Editha mwenyewe, mwanzo hadi mwisho.

Siku ya komunyo, Mama Zuhura, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alimzunguka mtoto mara mbili.

"Hili gauni umemshonea au umemmiminia?"

"Wivu huo, Mama Zuhura."

"Mwezi ujao halimwingii hili. Mtoto anakula ugali, huyu, hali hewa."

"Mwezi ujao ana komunyo nyingine?" nikamjibu, tukacheka mpaka Editha akaona aibu.

Wiki mbili baadaye, Jumatano, saa nane mchana, nilikuwa peke yangu. Unaijua saa nane ya masika? Mvua imekatika, jua limetoka ghafla, na ardhi yetu nyekundu ya mlimani inatoa mvuke kama chungu kilichoepuliwa. Kuku wamelala. Hata nyundo za wajenzi zilikuwa zimenyamaza. Nilikuwa nakata blauzi yangu, na nakumbuka niliona mkasi unakwenda bila kutoa sauti. Ndipo nikasikia hodi, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

Alikuwa mwanamke wa rika langu, mrefu, mwembamba, amejifunga kanga ya njano, na alipotabasamu nikaona mwanya.

"Karibu dada," nikasema.

"Ahsante. Nakaa hapo chini, mtelemkoni. Nimeliona gauni la mwanao siku ile mkirudi kanisani. Naomba uniazime pateni yake. Na mie nina binti."

"Ana miaka mingapi?"

"Minane."

"Basi mlete nimpime. Watoto wa umri mmoja hawalingani."

"Hatoki nje," akasema. "Huyo wako na wangu ni saizi moja. Nimeangalia."

Mie sinaga choyo cha pateni. Nimewafundisha wanawake wengi hapa mtaani, na kila mmoja nimempa cha kuanzia. Nikatoa ile karatasi ya saruji, nikamweleza pa kuanzia na pa kumalizia, nikamwambia asiogope mkono ukimharibikia. Alisikiliza kwa makini sana. Lakini niamini, nilipomkabidhi, hakuikunja. Aliiegemeza begani, akaishika mgongoni kwa kiganja, kama unavyombeba mtoto aliyesinzia. Akaondoka nayo hivyo, polepole, akiipigapiga. Nikaona ajabu, kisha nikarudi kwenye blauzi yangu.

Sasa sikiliza. Masika yaliisha, kipupwe kikaja. Sikugundua siku moja. Mambo kama haya yanakuingia kama unyevu ukutani. Siku moja niliona mkasi wa kucha umeshika kutu, nikajiuliza, mara ya mwisho nimemkata Editha kucha lini? Sikukumbuka. Nywele alinyolewa Pasaka, na bado zilikuwa fupi zile zile. Alikuwa na jino la mbele linalocheza tangu kabla ya komunyo. Lilikuwa bado linacheza. Mtoto mwenyewe hakuwa na tatizo: anakula, anaruka kamba, anagombana na wenzake. Nilimpeleka zahanati, wakampima, wakasema mzima, nisitafute ugonjwa usiokuwepo.

Mwezi wa nane nikataka kumshonea sare mpya. Nikampima, nikaandika, nikafungua daftari langu la komunyo kulinganisha. Bega lile lile. Kifua kile kile, inchi ishirini na nne. Urefu ule ule mpaka nusu inchi. Wenzake darasani walikuwa wameanza kumpita kimo. Nikakaa chini kwenye kigae, na sauti ya mama ikanijia wazi kama yuko jikoni: umemwambia baki hapo hapo.

Nikaenda mbio kwa Mama Zuhura, aliyekuwa anachambua mchele.

"Yule mama mwenye binti anayekaa hapo chini mtelemkoni, nyumba yake ipi?"

"Chini wapi? Pale hakuna mtu. Kuna pagale tu."

"Mrefu, ana mwanya. Kanga ya njano."

Akaweka ungo chini. "Mama Editha, nani kakutania? Huyo ndiye mwenye lile pagale. Alikuwa anajenga kidogo kidogo, mwenyewe, ahamie na binti yake. Mtoto akaugua, akafariki kabla hawajapaua. Mama naye mwaka haukuisha. Sie tumemzika kabla nyie hamjahamia." Kisha akanitazama. "Umempa nini?"

Nikamwambia, kipimo cha mwanangu.

Mama Zuhura alitaka tumtafute shehe, mume wangu akataka padri. Wote walikuwa na nia njema. Lakini mie nilikuwa nataka kitu kimoja tu, mwanangu akue, na nilijua kinachomzuia: ile pateni nisiyoiachia kitu. Jumatano iliyofuata, saa nane, nikatia futi yangu ya kupimia mkobani pamoja na daftari na kalamu, nikateremka.

Lile pagale halikuwa na paa. Mbarika uliota katikati ya chumba, na mbingu ilikuwa imeingia ndani, buluu tupu, imekaa juu ya kuta kama bati. Palikuwa na ubaridi mtamu, na harufu ya saruji mbichi, ingawa saruji ile ilikauka miaka mingi. Sikuogopa, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Nilijisikia kama mtu aliyeamshwa nusu. Yeye alikuwa amekaa kwenye tofali. Pateni ya Editha ilikuwa imetundikwa dirishani, inapepea kidogo, ingawa upepo haukuwepo.

"Karibu, Mama Editha."

"Ahsante. Dada, nimefuata pateni ya mwanangu."

"Inamkaa vizuri wangu," akasema. "Inamkaa sana. Haimbani, haimpwayi. Niachie."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali, na sala pia. Yote yalinitoka kichwani, nikabaki na lile ninalolijua. Nikaanza kumweleza, kama ninavyomweleza kila mtu.

"Dada, haiwezi kumkaa. Kila mtoto ana mwili wake. Mmoja ana bega pana, mwingine kiuno chake kiko juu. Ukimvika kipimo cha mwenzie, wote wawili wanaharibika. Wangu nyumbani amesimama, hasogei. Wako naye amevaa mtoto wa mtu. Mlete nimpime wa kwake mwenyewe, nitamshonea."

Akaigeukia pateni pale dirishani.

"Tangu siku ya msiba," akasema, "hakuna aliyewahi kuniambia nimlete."

Akanyoosha mkono kando yake, kiganja kikatulia hewani, kimo cha kichwa cha mtoto. "Huyu hapa."

Sikuona mtu. Naapa kwa mama yangu, niliona ukuta na majani ya mbarika. Nikapiga magoti, nikazungushia futi pale alipokuwa anaonyesha, nikitegemea ishuke chini. Haikushuka. Ilikaa duara, imeshikwa. Kwa mazoea nikasema, "Inua mikono, mwanangu," na futi ikatanuka kidogo kati ya vidole vyangu, vile mtoto anavyojaza kifua pumzi akipimwa ili aonekane mkubwa. Ishirini na mbili. Mdogo kuliko Editha. Bega kumi. Nilipima kila kitu, nikaandika kwenye daftari.

Kitambaa cheupe sikuwa nacho. Gauni langu la harusi lilikuwa na mkia mrefu, nikaukata. Nilichora pateni mpya, jina juu yake sikuwa nalo, nikaandika tu "Binti wa jirani". Nikashona siku nne. Mkono uliozoea haufikiri. Hata sikujua nimefanya nini mpaka nilipokuwa napiga pasi na kuona pindo. Nilikuwa nimemwachia inchi tatu.

Jumatano nyingine nikampelekea. Alilishika gauni kwa ncha za vidole, shingo, mkono, kiuno. Alipofika chini akasita. Akalipekua pindo, akahesabu mkunjo kwa mkunjo.

"Hii ya nini?"

"Ya kukua," nikasema.

Hapo ndipo nilipotambua nilichosema, na kwa nani. Jani moja la mbarika likadondoka kati yetu, na sikulisikia likigusa chini.

"Umemwachia," akasema.

"Nimemwachia, dada."

Akainuka, akaitundua pateni ya Editha dirishani, akaniwekea mikononi. Ilikuwa karatasi ya mfuko wa saruji, wewe unajua uzito wake. Ilikuwa na joto, na ilikuwa nzito kama mtoto unayemtoa usingizini kumpeleka kitandani. Niliiegemeza begani. Kumbe huwezi kuibeba vingine.

Jioni ile Editha aliuma ugali, jino likabaki kwenye tonge. Mwisho wa wiki nilimkata kucha, nikakusanya vipande vile nikavitazama kama dhahabu. Kufika Krismasi alikuwa ameongeza inchi mbili, na gauni la komunyo likapasuka mgongoni alipolijaribu. Sijawahi kufurahia mpasuko kama ule.

Ungependa niishie hapo. Hata mie ningependa.

Masika ya mwaka uliofuata, Jumatano, nilitoka kuanua nguo uani. Niliporudi nikalikuta gauni lile dogo juu ya cherehani yangu, limekunjwa vizuri. Pindo lilikuwa limefumuliwa inchi moja, na uzi wake umeviringishwa kwenye kijiti cha mbarika, usipotee. Nilielewa. Nikaliteremsha, nikalishona, nikaliweka dirishani. Nilipogeuka kuchukua pasi, halikuwepo. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Mwaka wa tatu, ambao ni mwaka huu, limekuja pindo lote limeisha, na ubavuni pia akiba imetumika yote. Kwenye kwapa kuna alama ya mvutano. Wanaoshona wanajua maana yake. Nguo inambana.

"Hama," Mama Zuhura ananiambia kila siku. "Uza, nenda hata Kimbiji."

"Nihame vipi, na mtoto wa watu anakua?"

Basi wewe unayetaka kuanza kushona, anza, usikatishwe tamaa na kisa hiki. Tafuta pateni nzuri, soma maelekezo yote kabla ya kushika mkasi, na mwachie mwanao nafasi kwenye kila mshono. Andika jina lake na tarehe. Usimwazime mtu kipimo cha mwanao kama wa kwake hujamwona. Na ukimshonea mtoto usiyemwona, angalia mkono wako usijisahau kwenye pindo. Mtoto aliyeachiwa hukua, hata huyo, na akikua anakufuata wewe.

Mie nimeshajisahau. Jumatano hii, saa nane, nateremka na futi. Kitambaa safari hii nimenunua kingi.