Maneno Kumi ya Mhina

Mhina hajui Kihindi wala Kichina, lakini ni mwaka wa kumi na tatu huu anatafsiri filamu za lugha zote mbili kwenye banda langu la video hapa Ngombezi. Sauti aliipatia kwenye mashine ya kuchakata mkonge, ambako usipopayuka hata wa pembeni yako hakusikii. Kazi ile aliiacha. Sauti akaja nayo. Nikampa kipaza sauti, kiti na chai. Alitaka maandazi mawili, tukafunga kwa moja.

Akaja Munira, binti wa Vugiri, na filamu yake kwenye flashi. Ya Kiswahili, kuhusu vijana wanne wa Korogwe, wiki zile baada ya vurugu za uchaguzi. Hakuna anayepigana. Wanachambua maharage, wanatengeneza baiskeli, mtandao haushiki. Zamani walikuwa watano. Nikamuuliza wa tano yuko wapi, akasema hiyo ndiyo filamu yenyewe.

Munira akamwamkia Mhina vizuri, shikamoo na yote, kisha akamwambia, "Mjomba, hii naomba usiitafsiri. Mwishoni kuna kikombe. Watu wakicheka pale, naifuta, siioneshi tena popote."

Mhina akajiona kafukuzwa kazi. Akasema watu wa hapa hawajawahi kuangalia picha bila yeye, watasinzia. Akaomba maneno hamsini. Munira akasema hata moja. Mimi nimeuza machungwa stendi ya Korogwe, wateja wa namna hiyo nawajua. Nikawakalisha chini, tukafunga kwa kumi.

Jumamosi alasiri banda likajaa. Dakika ya nne kuku akakatiza kwenye runinga. Mhina akashindwa kujizuia: "Huyo kuku msimdharau, ndiye atakayemuua jambazi." Sita hayo. Baiskeli ilipotoka mnyororo, akaongeza, "Nilisema mimi, breki." Nikamnyooshea kidole kimoja. Limebaki moja.

Mwishoni wale vijana wanaenda kumsalimia mama wa mwenzao. Mama anapanga vikombe vitano, anamimina chai kwenye vyote. Cha tano kinafuka mvuke, hakuna anayekigusa. Picha haiondoki pale.

Nyuma mtu akaanza kuguna kicheko. Mwingine akaita, "Mhina, tuambie basi, huyo wa tano anakuja?"

Banda zima likamgeukia. Munira kashika ukingo wa benchi. Kipaza sauti kilikuwa mdomoni, na neno alikuwa nalo, la halali. Akakizima. Kitufe kilisikika mpaka mlangoni. Aliyeguna akanyamaza, na wote wakakaa hivyo hivyo mpaka mvuke ukaisha kwenye kikombe.

Munira akachomoa flashi yake, akasema wiki ijayo anaipeleka Handeni. Alipoondoka, Mhina akanijia.

"Mama Ikram, limebaki neno langu moja. Nalitaka."

Nikamwambia filamu imekwisha, na neno limekwisha nayo. Akabisha wakati nafagia, akabisha wakati nafunga kufuli. Siku hizi anakula maandazi mawili.