Mama Foleni na Nusu ya Neno

Kazini walimwita Mama Foleni, na jina hilo lilimkaa kama kiatu kilichouzoea mguu. Hakuwa na mtoto. Umama huo alipewa na foleni zenyewe. Katika kampuni ya mtandao wa kasi iliyouhudumia mji mzima, yeye ndiye aliyepanga nani apite kwanza njia inapojaa na nani asubiri. Maana sauti ya mtu, picha ya daktari, mechi ya mpira, vyote vikiingia mtandaoni hukatwakatwa vipande vidogo, na vipande hivyo hugombania mlango mmoja. Wateja wachache walikuwa na dhamana: iwe mvua, liwe jua, vyao vitapita. Wengine wote walikaa foleni ya kawaida, na foleni hiyo ikifurika, vipande vya nyuma vilitupwa.

Baba yake, seremala mstaafu, aliielewa kazi hiyo kwa namna yake.

"Kwa hiyo, mama, wewe ni bawabu."

"Ndiyo hivyo, baba. Bawabu wa mlango usioonekana."

"Na mimi niko foleni gani?"

"Ya kawaida."

"Aa, basi sawa. Hiyo nimezaliwa nayo." Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

Dhamana kubwa kuliko zote ilikuwa ya hospitali. Daktari bingwa alikaa hospitali kuu, na kwa picha za moja kwa moja akiwaongoza wenzake waliokuwa wakipasua wagonjwa katika hospitali ndogo ya mbali. Mama Foleni aliitengea huduma hiyo sehemu yake ya njia, usiku na mchana, itumike isitumike. Mkuu wa idara alipomuuliza kama sehemu ile isingeweza kuazimwa na wengine ikiwa tupu, alikataa katakata. "Ahadi ikiwa na mlango wa nyuma, mkuu, si ahadi tena." Mkuu aliipenda kauli hiyo, akawa anairudia kwenye mikutano kana kwamba ni yake.

Ikaja asubuhi ya katapila. Watu waliokuwa wakichimba mtaro kando ya barabara kwa katapila waliung'oa mkongo mkuu wa mtandao kama mtu anayeng'oa mzizi wa muhogo, na mawasiliano yote ya mji yakahamia kwenye mkongo wa akiba, mwembamba. Katika chumba cha uangalizi, skrini moja baada ya nyingine ikageuka nyekundu. Mkuu alisimama nyuma ya kiti cha Mama Foleni, jasho likimtoka ingawa kiyoyozi kilikuwa kikinguruma.

"Hospitali?"

"Inapita safi, mkuu."

"Na hawa wengine?"

"Wanaumia."

Simu yake ikatetemeka mezani. Ni baba. Akatoka nayo hadi kwenye ujia, karibu na mtungi wa maji ya kunywa.

"Mama, uko kazini?"

"Niko kazini, baba. Leo kumechafuka kidogo."

"Sitakuchelewesha." Sauti ilikuja imenyofoka, kama nguo iliyoliwa na panya. "Nilitaka nimwambie dada yako, lakini katoka... nikaona bora nikwambie wewe mwenyewe. Sikiliza, mwanangu. Usi—"

Basi. Baba alikuwa na desturi ya kunyamaza katikati ya maneno, lakini ukimya wake siku zote ulikuwa na pumzi ndani yake. Huu haukuwa na kitu.

Akapiga tena. Haikuunga. Akapiga tena, akiwa ameegemea ukuta, akijua fika kinachotokea, maana mipango yote ya foleni aliiandika yeye. Akarudi kwenye kiti chake. Mbele yake mstari wa hospitali ulikuwa umenyooka kama uzi wa mwashi. Vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi. Angeweza kuwafungulia watu wa kawaida njia ile. Lakini akajiambia, nitampigia mambo yakitulia, na vidole vikabaki palepale.

Mambo yalitulia alasiri. Simu ya baba ilipokelewa na dada yake, akilia. Alikuwa ametoka nje kidogo, aliporudi akamkuta baba kwenye kiti chake, simu kifuani, akadhani amelala.

Baada ya mazishi, Mama Foleni aliwaambia ndugu zake habari ya neno lile. Huenda hapo alikosea. Kila mmoja alilimalizia kwa lililokuwa moyoni mwake. "Ni usijali," alisema dada, "baba alikuwa mtu wa usijali." Baba mdogo, aliyekuwa akiitolea macho nyumba, alisema ni usidai, yaani asiidai nyumba, kwa kuwa yeye ana kazi yake. Shangazi, ambaye hakuwahi kumsamehe kwa kukosa mume, alishika kiuno: "Usikae peke yako, mwanangu! Ingekuwa nini kingine?" Watu wakacheka; hata kwenye matanga watu hucheka. Mama Foleni naye akacheka, lakini alikuwa akimtazama shangazi mdomoni, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

Aliporudi kazini, ile nusu ya neno ilikuwa imemtangulia. Aliyemwambia "usisahau mwavuli wako" alimsimamisha moyo. Kati ya usi na sahau palikuwa na shimo, naye alitumbukia humo. Mpishi wa kantini alimwambia "usinywe hii, imepoa," akabaki ameshika kikombe. Baya zaidi ni mashine ya kampuni yao wenyewe, ile iliyowapokea wateja wenye malalamiko: tafadhali usikate simu. Sauti ya binti wa watu, laini kabisa, ikirudia kutwa nzima. Usikate. Usikate. Alianza kupita njia ya nyuma ili asipite kwenye chumba cha huduma kwa wateja.

Wenzake hawakumwambia atafute neno lile kwenye mitambo, na yeye hakuuliza. Kipande kilichotupwa hakihifadhiwi popote. Hakiwi kimechelewa, wala hakipo mahali kinasubiri. Alikuwa amewafundisha vijana wengi jambo hilo, akichora ubaoni mshale unaoishia hewani.

Kitu kimoja tu kilimpa usingizi: hospitali. Alijiambia kuwa saa ileile, mahali fulani, kulikuwa na mtu kitandani, amepasuliwa, na picha haikukwama, na mtu huyo sasa anakula na wanawe. Alimwona mpaka kucha zake. Siku moja ikawa zamu yake na wenzake kwenda hospitali kuu kukagua huduma, wakapokewa na fundi wa mitambo ya picha, mwanamume mchangamfu mwenye koti lililombana.

"Dada, siku ile ya katapila mlitubeba kweli!"

"Asubuhi ile mlikuwa mnampasua nani?" Aliuliza haraka, kabla ya hata kuketi.

Fundi akajikuna shingo. "Asubuhi? Hapana. Daktari alichelewa siku ile. Chumba tulikifungua mchana. Asubuhi njia ilikuwa wazi tu, haina kitu."

Akaendelea kuzungumza, akionyesha hiki na kile, lakini Mama Foleni alikuwa ameshakaa kwenye benchi. Haina kitu. Barabara nzima nyeupe, pana, hakuna anayepita, na nje ya uzio baba yake anasukumwa mpaka anadondoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu. "Ile sehemu ya hospitali, ikiwa tupu, tuwaazime watu. Hospitali ikiihitaji, tunairudisha papo hapo."

Mkuu alivua miwani. "Wewe? Si wewe uliyesema ahadi ikiwa na mlango wa nyuma—"

"Ni mimi. Naomba tujaribu."

Wakajaribu, hospitali ikiwa imekubali, bila mgonjwa: bingwa katika chumba chake, na mwenzake wa mbali akipasua sanamu ya mpira ya kufundishia. Njia ikajazwa watu wa kawaida hadi pomoni. Kisha bingwa akaanza kuongoza. Mtambo ukairudisha njia, lakini kurudisha nako kunahitaji muda wa kufumba na kufumbua. Kwenye skrini mkono wenye kisu ukaganda hewani, halafu ukaonekana mahali pengine, chini zaidi.

Bingwa hakupandisha sauti. "Hapo," alisema, "angekuwa ameshakata mshipa."

Hakuna aliyemgeukia Mama Foleni; walijua habari za baba yake, wakamstahi. Aliisogelea kibodi akairudisha kanuni ya zamani kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa kanuni sahihi. Alitamani sana iwe kosa, maana kosa mtu huweza kulitubu.

Hata hivyo hakutoka mikono mitupu. Kwa siku kadhaa aliinamia ile foleni ya kawaida, ambayo miaka yote aliiacha ijipange yenyewe kama watu wasio na mwenyewe. Sauti ya mtu ni nyepesi, haijazi hata kona ya njia; mpira na filamu ndivyo vilivyo mizigo. Akaamuru sauti zitangulie. Njia ilipobanwa tena, wapenzi wa mpira walipiga simu kulalamika kwamba mchezaji ameganda na mguu juu, wakatukana sana. Waliokuwa wakizungumza na baba zao hawakupiga. Wangepiga kusema nini? Na yeye akabaki na swali la kwa nini hakuliwaza hilo mapema, swali ambalo mkuu alimwambia aliache, naye hakuliacha.

Mwisho wa juma moja alikwenda kwa dada yake, kule nyumbani kwa baba. Walipepeta mchele, kisha dada akasema bila kuinua uso:

"Mdogo wangu, mimi nakuonea wivu."

"Wivu wa nini, dada?"

"Wewe umebakiwa na kitu cha kufikiria. Mimi neno langu nilipewa zima. Aliniambia, kaanue nguo, zitaloa. Nikaenda kuanua nguo." Ungo ukatulia mapajani mwake. "Mvua yenyewe haikunyesha."

Mama Foleni aliweka ungo wake chini. Ndipo alipotazama sebule vizuri, akaona kanga na mashati mabichi yametandazwa juu ya viti, juu ya mlango, juu ya kabati la baba, maji yakidondoka sakafuni, na nje jua kali likiwaka.

"Siku hizi unaanika ndani?"

"Kule uani siwezi," alisema dada.

Hakumshauri. Alinyanyuka, akayageuza mashati moja moja yakauke na upande wa pili, akafungua dirisha, kisha akarudi kwenye mkeka wakamalizia mchele.