Swali la Utatu Nililomuuliza Mama

Mimi ni mwinjilisti wa mtaa mdogo wa kanisa huku Mnyuzi, na kabla sijasema lingine niseme hili: nilikuwa na kiburi cha elimu. Nilisoma chuo cha Biblia miaka miwili, nikarudi na daftari nene na mdomo usiokaa kimya. Mtu akisema Utatu unafanana na jua, miale na joto, nilimkatiza palepale na kumwambia huo ni uzushi. Watu walinihofia kidogo, nami nilipenda.

Mama alizaliwa kwenye kambi ya mkonge. Baba yake alikuja kukata mkonge kutoka mbali akiwa na matambiko ya kwao, mama yake alikuwa Mwislamu, na yeye akabaki katikati, akila sikukuu za pande zote. Alipopita miaka sitini, marehemu baba akiwa ameshatutoka, alinijia akasema anataka kubatizwa. Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema.

Hakujua kusoma. Kwa hiyo alasiri, alipokaa kupukuchua mahindi, nilimsomea Injili. Tulipofika pale Yesu anapobatizwa mtoni, akaniinulia mkono.

"Simama hapo, mwanangu. Baba anasema kutoka juu, Mwana yuko kwenye maji, Roho anashuka. Wote wametoka. Nyumbani wamemwacha nani?"

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikamsomea jibu sahihi kutoka kwenye daftari. Alinisikiliza kwa heshima, halafu akarudi kwenye mahindi yake.

Huku kwetu mtu mzima habatizwi mpaka asimame mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa aulizwe maswali. Anayeuliza ni mwalimu wa darasa la ubatizo, yaani mimi, na yeye ndiye anayesema nani amefaulu. Mwaka ule wanafunzi walikuwa saba, wabatizwe Krismasi. Mama alikuwa wa mwisho, amevaa kitenge kipya. Wiki moja kabla, nilimsikia mzee mmoja akitania kwamba safari hii mwalimu atampa mama yake maswali ya chekechea. Utani tu, lakini ulinichoma. Basi wenzake niliwauliza amri na sala, yeye nikamwambia aeleze Utatu Mtakatifu.

Alifikiri kidogo. "Baba ndiye aliyetuma. Mwana ndiye aliyetumwa. Siku ile ya msalaba, Mwana anakufa na Baba amenyamaza, Roho ndiye aliyekaa na yule mama aliyesimama pale chini. Kama asingekaa naye, yule mama angeanguka."

"Mungu ni wangapi?"

"Mmoja. Wangekuwa wengi, siku ile mmoja wao angekimbia."

Mchungaji alitabasamu. "Mwalimu, unasemaje?"

Niliwaangalia wazee, sikumwangalia mama. Nikasema jibu halikutaja nafsi tatu wala asili moja, kwa hiyo arudie darasa, atabatizwa Pasaka. Mchungaji hakunipinga.

"Sawa, mwalimu," alisema mama.

Tangu siku ile hakuniita tena mwanangu. Mwalimu, chakula tayari. Mwalimu, anua nguo, mvua inakuja. Hakusema kwa kejeli wala kwa hasira. Mimi nilijipa moyo kwamba Pasaka si mbali, na kwamba wazee sasa wameniona kuwa mtu wa haki.

Mwezi wa pili nilitumwa Handeni, kule nyikani kwa wafugaji, kuwauliza maswali waumini wapya kwa sababu mwinjilisti wao alikuwa mgonjwa. Mzee mmoja wa Kimasai alisimama ameegemea fimbo. Nikamuuliza habari za Utatu. Akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Mungu ni mmoja. Ametuona." Hakuongeza neno. Nikasema amefaulu, wala sikusita. Kule hakuna aliyekuwa akinipima.

Nilikuwa bado kulekule dada yangu aliponipigia simu. Mama ameanguka jikoni, mdomo umekwenda upande, wako hospitali Korogwe. Nilipofika nilimkuta amefunikwa shuka mpaka usoni.

"Alikuulizia," dada aliniambia. "Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida. Alisema, mwambie mwalimu nimeyashika. Nafsi tatu, asili moja. Alikuwa anayarudia rudia."

Sijawahi kuchukia maneno kama nilivyoyachukia hayo.

Tulipompeleka nyumbani, mjomba, kaka yake mama, ambaye ni Mwislamu, alinivuta pembeni. "Mpwa wangu, huyu anazikwa na nani? Ninyi au sisi?" Aliuliza kwa upole kabisa. Kanisa letu halina ibada ya mazishi kwa asiyebatizwa. Mchungaji alikuja na koti lake la kawaida, akaomba kama jirani. Mjomba naye akaomba. Kengele haikupigwa, nami nilitupa udongo kama watu wengine.

Nimelichunguza jibu la mama mara nyingi, nikitafuta kosa, maana ningelipata ningelala. Nimesoma habari za msalaba katika Injili zote nne. Sioni kosa. Mimi nilifundisha namna ya kuwataja wale Watatu. Yeye alijua walikuwa wapi siku ya taabu. Watu huniambia Mungu anaangalia moyo, na mimi nimewaambia hivyo wafiwa wengi. Naamini ni kweli. Lakini kumpokea mama ni kazi ya Mungu, na kazi yangu mimi ilikuwa kumkubali mbele ya kanisa, na sikuifanya.

Bado nafundisha darasa. Mwaka huu yumo mama mmoja muuza mihogo, mdadisi kweli. Juzi, tukiwa katikati ya somo la ubatizo, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mama yako alibatizwa na nani?"

"Hakubatizwa."

"Kumbe! Alikataa?"

Ningeweza kusema aliugua ghafla, na usingekuwa uongo. Nilifunga Biblia.

"Hapana," nikasema. "Aliomba, akasubiri. Niliyemkataa ni mimi."