Mahali na Mahari

Nilipobatizwa, baba yangu, fundi cherehani wa Rwezamenyo, mtaa wetu wa Waislamu, alisema, "Mkataa kwao mtumwa," akarudi kwenye cherehani yake. Tangu hapo hakunisemesha tena. Nikienda kuwasalimia, mama alinipa chai, naye baba alitoka kwenda msikitini hata kama adhana bado. Iliniuma sana, lakini na mimi ni mkaidi, na ukaidi huo niliurithi kwake.

Nikajiunga na chuo cha Biblia. Chuo kilikuwa na kipindi cha Kiswahili redioni kila Jumapili, na kwa kuwa wenzangu walikuwa na Kiswahili cha kuombea maji, nikapewa mimi kukisoma. Studio ilikuwa chumba kidogo chenye mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Mvua ikinyesha tulisimamisha kurekodi, maana bati lilihubiri kutushinda.

Bwenini r na l zilikuwa kitu kimoja, maana lugha ya kwao wenzangu haizitofautishi: kula ni kura, sala ni sara. Niliwacheka wenzangu, kumbe ulimi wangu nao unalegea taratibu. Jumapili moja nikawatangazia wasikilizaji kwamba Yesu amekwenda mbinguni kututayarishia mahari. Nilikusudia mahali. Fundi mitambo hakushtuka, mchungaji akaitikia amina, na kanda ikaenda hewani vilevile.

Siku chache baadaye bawabu alikuja kuniita darasani: kuna mzee langoni, amekataa kuingia. Nikamkuta baba amevaa kanzu na kofia, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Nilidhani mama amefariki.

"Mama iko mzima," akasema kabla sijauliza, kwa Kiswahili chetu cha mtaani. "Mahali, si mahari. Mahari iko ya harusi. Nabii Isa iko anaoa nani?"

"Baba, umesikia wapi?"

Akaikunja tepu yake. "Dini yetu umeacha, nikanyamaza. Sasa na Kiswahili unaacha? Ile siku ya Noeli ulisema mtoto wameraza kwa majani. Wamelaza! Nikanyamaza pia."

Noeli ilikuwa imepita zamani. Kumbe alikuwa akinisikiliza muda wote huo.

"Sema: mahali," akaamuru.

Neno hilo nililiweza vizuri kabisa. Nikasema mahari, akanisahihisha, nikasema tena mahari, ili asiondoke.