Maji ya Mke Mwenzangu

Kabla ya vita nilikuwa mke mkubwa hapa Songea, mwenye vihenge viwili vya ulezi. Mume alimpenda zaidi Siwema, mke mdogo aliyetoka upande wa Tunduru. Weee, nilikuwa na wivu! Hata kicheko chake kilinikera.

Vita vikaja. Mume wetu akanyweshwa maji ya dawa, akaambiwa risasi za Wadachi hazitamdhuru. Hakurudi. Wadachi wakachoma mashamba, tukabaki wajane wawili katika kibanda kimoja, kila mmoja na mtoto anayeanza kutembea. Wa Siwema alikuwa na mashavu yaliyojaa. Wangu akaanza kuhara.

Alihara majimaji tupu, yananuka, yanachuruzika mapajani mwangu. Nikamnyima maji na ziwa ili tumbo likauke. Kesho yake macho yalikuwa yamezama, midomo imepasuka, analia bila machozi, hakojoi.

Siwema akaja na kibuyu. "Dada, mpe maji. Nimeyachemsha, yamepoa, nimetia chumvi kidogo."

"Maji tena? Mume wetu alikunywa maji, yuko wapi?"

"Yale yalikuwa ya vita, Dada. Haya ni ya kiu. Mtoto anakauka."

Nikamsonya. Ati anifundishe kulea! Akayaonja mbele yangu, akasema hayazidi machozi kwa chumvi. Mara mtoto akalegea shingo. Nikaogopa, nikamwachia.

Akamnywesha kidogo kidogo. Akitapika, Siwema anangoja, anaanza tena. Nilipojaribu kumnywesha mimi, mtoto alifumba mdomo, kwake akameza. Roho iliniuma nikalia.

"Acha kulia, Dada, mpe ziwa."

Nikampa, akanyonya. Baadaye tukampa uji mwepesi wa ulezi kidogo uliosalia. Jioni akakojoa, nami nikapiga kigelegele kwa ajili ya mkojo!

Basi mama zangu, mtoto akihara msimkaushe. Mpeni maji yaliyochemshwa, chumvi isizidi ya machozi, na ziwa msimkatie. Ukishamtawaza, nawa mikono kabla ya kugusa uji. Ukiona damu, au akishindwa kunywa, mkimbize kwa wanaojua kutibu, usingoje.

Namshukuru Mungu, na Siwema pia, ingawa kumtaja kunanichoma. Mwanangu sasa anatega kwale. Akinasa mnono anampelekea Siwema kwanza, mimi baadaye. Inaniuma, siwafichi. Ingeniuma zaidi kama mwanangu asingekuwepo kumpelekea.