Maombi Thelathini na Moja ya Ndiva Moja

Niliacha shule darasa la tano. Nalitaja mapema ili mtu asije kudhani naona haya kulitaja. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Same, barabara kuu, na leseni ya biashara niliiomba mwenyewe kwa simu nikiwa nimekaa juu ya mifuko ya saruji. Namba ya mlipa kodi, mwenyewe. Kitambulisho cha taifa kilipopotea, taarifa ya upotevu nilijaza mwenyewe. Wenye diploma zao wanapanga foleni steshenari wajaziwe. Mimi nywila yangu haijui hata mke wangu.

Kwa hiyo kaka yangu mkubwa alipoteremka kutoka Vudee, kijijini kwetu milimani, na barua mfukoni, alijua anakuja kwa nani. Kaka ni mwenyekiti wa ndiva yetu, yaani bwawa la mawe na udongo walilolijenga babu zetu. Usiku linajaa kutoka kwenye mfereji, asubuhi linafunguliwa, kila nyumba inapata zamu yake ya maji shambani. Ukuta ulikuwa umepasuka. Maji yalivuja hadi zamu za mwisho hazipati kitu, na shamba la kaka ndilo la mwisho kabisa. Msimu uliopita maharage yake yalikauka yakiwa na maua.

Barua ilisema halmashauri itatengeneza ndiva, lakini zile tu zenye kibali cha kutumia maji. Kibali kinaombwa kwa mtandao, na mwisho ni mwisho wa mwezi. Nikamwambia kaka hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Na ingekuwa dakika kumi kweli, ila fomu ilitaka jina la mwombaji mmoja. Nilipanda kijijini, nikasimama mkutanoni, nikaeleza kwamba nitaweka jina langu kwa kuwa mimi ndiye ninayeujua mfumo. Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, akainuka na fimbo yake.

"Ukiandikwa wewe, ndiva ni yako," akasema. "Kesho utatuuzia maji kwa kilo, kama misumari."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti naye akacheka. Iliniuma, sikatai. Lakini mimi sijafika nilipofika kwa kuumia, nimefika kwa kufikiri. Palepale nikapata wazo. Kwetu kazi ya wote inaitwa msaragambo. Pembe ikipigwa, kila nyumba inatoa mtu, asiyetokea anatozwa faini, na njia au mfereji unakwisha kwa siku moja bila mtu kusema ni wangu. Nikawaambia kibali nacho tukifanye msaragambo. Kila nyumba iombe kwa jina lake, ndiva ileile, ili serikali ione tupo wote nyuma yake. Hapo shangazi akaketi.

Jumatano asubuhi pembe ilipigwa. Tulikusanyika mteremkoni nyuma ya kanisa, ambako mtandao unashika, nyumba thelathini na moja, yangu ikiwemo. Wasio na simu za kugusa walitumia za majirani. Nilipita kwa kila mmoja, nikamwonyesha pa kubonyeza, na hadi saa sita maombi yote yalikuwa yamekwenda. Nilirudi mjini nikijisikia mkuu wa wilaya.

Siku mbili baadaye simu zote zilipata ujumbe mmoja. Ombi limesitishwa, chanzo hiki cha maji kina mgogoro wa watumiaji.

Nilipiga namba ya bure ya msaada iliyokuwa chini ya ujumbe. Binti aliyepokea alikuwa na adabu, aliniamkia, akatazama kwenye kompyuta yake, akasema mfumo unaona watu thelathini na moja wanagombea maji ya sehemu moja. Nikamweleza kwamba hatugombei, tumekubaliana, tena hii ndiyo namna yetu ya kukubaliana.

"Nimekuelewa, baba," akasema. "Ila hakuna sehemu ya kuandika hivyo."

Dawa aliyonipa ni kwamba thelathini wafute maombi yao, abaki mmoja, na muhtasari wa kikao wenye saini za wote upelekwe ofisi yao ya maji kwa mkono. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa.

Pembe ikapigwa tena. Swali likawa nani abaki. Nilitaja jina langu tena, safari hii kwa sauti ya chini, na hakuna aliyelichukua. Wakamchagua shangazi, kwa sababu hana gari, hana duka, na hana mpango wa kwenda popote. Nilinyoosha mkono wa mwisho, lakini nilinyoosha. Kisha nikaketi juu ya jiwe nikafuta maombi moja baada ya jingine, langu likiwa la kwanza. Kila mwombaji anatumiwa tarakimu za kuthibitisha, na zinakufa baada ya dakika chache. Mtandao ukikatika, unaanza upya. Nilifuta thelathini kwa siku moja. Sijasikia msomi aliyefanya hivyo.

Ofisini tulikwenda mimi na kaka. Dada wa mapokezi alisoma muhtasari, akaugonga mhuri, akasema tusubiri majibu kwenye simu ya shangazi. Halafu akatupa karatasi. Walikuwa wanakusanya maoni ya wananchi juu ya ubora wa huduma za mtandaoni, kila swali unaweka alama, moja hadi tano. Kaka akaweka kiganja juu ya karatasi kabla sijashika kalamu. Akaniambia kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, yule dada asielewe.

"Weka tano kote, mdogo wangu. Maji kwanza."

Nilimwelewa. Angekuwa mwingine angeweka. Lakini mimi dukani mteja akiniambia kitasa changu kibovu, ndiyo najua cha kuagiza safari ijayo. Na kuna ndiva nyingine huko milimani, watu wake watapiga pembe kama sisi na kutumbukia shimo lilelile. Nikaondoa kiganja chake taratibu. Lugha ya mfumo kueleweka, nikaweka tano, maana ni Kiswahili hata mimi nakisoma. Kasi, nne. Namba ya bure, tano, yule binti anastahili. Je, huduma inakidhi mahitaji yako? Moja. Chini palikuwa na nafasi, nikaandika: wekeni mahali pa watu wengi wenye kitu kimoja. Jina halikuwa la lazima. Nikaandika jina na namba ya simu.

Nilimpandisha kaka kwa gari langu hadi nyumbani, na njia nzima aliangalia dirishani. Aliposhuka alifunga mlango polepole, kama mtu anayetoka msibani. Wiki ile niliangalia simu kuliko nilivyoangalia wateja. Kama kibali kingekataliwa, maharage ya kaka yangekauka kwa kalamu yangu, na hilo nisingeweza kulieleza mkutanoni hata kwa maneno yangu yote.

Kaka alipiga siku moja kabla ya mwezi kwisha, upepo wa mteremkoni ukivuma kwenye simu.

"Kimetoka," akasema. "Kwa shangazi."

"Na ile moja yangu wameiona," nikamjibu.

"Ungeweka tano, kingetoka juzi."

Akakata, kisha akanitumia kibali kwa simu. Nilikichapa kile kibali nakala mbili. Nikafunga duka mchana, jambo ambalo sifanyi, nikakipeleka halmashauri mwenyewe na kusimama pale dirishani mpaka kikagongwa mhuri wa kupokelewa. Jina la shangazi limeandikwa vizuri kabisa. Picha ya ule mhuri nilimtumia kaka, naye akajibu kwa neno moja, asante, la kwanza la upole tangu siku ile ya karatasi.